Betri kuukuu ya gari: Nani anahitaji leseni, na nani atabeba lawama mambo yakiharibika?

Betri ya matatu imekufa. Fundi anaing'oa, anafunga mpya, na ile ya zamani anaisukuma kando ya mtaro. Jioni mtu wa mkokoteni anapita, anaipima kwa mizani, analipa na kwenda zake. Hakuna risiti, hakuna jina, hakuna maswali.

Biashara ya aina hii hufanyika kila siku kwenye gereji za Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine. Wengi huiona kama kuuza chuma chakavu tu. Sheria ya Kenya haioni hivyo.

Hivi hapa ndivyo mambo yalivyo, na kwa nini yanakuhusu hata kama huna gari.

Kwa nini betri si chuma chakavu

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya kawaida ya gari ni madini ya risasi. Ndani yake pia kuna asidi ya salfuriki, ile inayotoboa nguo na kuchoma ngozi.

Risasi ina thamani kwa sababu inaweza kuyeyushwa na kutumika tena na tena. Ndiyo maana betri iliyokufa haikosi mnunuzi.

Shida ni kwamba risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Huathiri ubongo, figo na damu, na kwa wajawazito inaweza kusababisha mimba kuharibika. Watoto wadogo ndio huumia zaidi, kwani miili yao hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima.

Mkataba wa kimataifa wa Basel, ambao Kenya ni mwanachama, unaziorodhesha betri kuukuu za risasi kuwa taka hatari, ziwe nzima au zimevunjwa.

Nani anahitaji leseni?

Sheria kuu ni ile ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, inayojulikana kama EMCA, pamoja na kanuni za usimamizi wa taka. Msimamizi wake ni mamlaka ya mazingira, NEMA.

Kwa ufupi, kila mtu kwenye mnyororo ana jukumu lake.

*Gereji, kampuni ya magari, duka la sola.* Anayezalisha taka ndiye wa kwanza kuwajibika. Anatakiwa kuitenga na taka nyingine, kisha kumkabidhi mtu aliye na leseni. Ukimpa yeyote anayepita, jukumu lako halijaisha.

*Msafirishaji.* Hakuna anayeruhusiwa kubeba taka bila leseni ya NEMA. Hiyo inamhusu mwenye lori, na pia mwenye mkokoteni aliyepakia betri kumi.

*Kiwanda cha kuyeyusha.* Huyu ndiye mwenye mzigo mkubwa. Kabla ya ujenzi kuanza lazima kuwe na tathmini ya athari kwa mazingira. Halafu kuna leseni ya kuendesha kituo cha taka, ambayo ina muda wake na ni lazima ihuishwe. Aliyepewa leseni mwaka fulani hajapewa ya maisha.

*Anayepeleka nje ya nchi.* Taka hatari hazivuki mpaka bila kibali, na nchi inayozipokea lazima iwe imekubali kwanza kwa maandishi.

Mwajiri naye ana sheria ya ziada. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka asajili mahali pa kazi na awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Glavu si hisani ya bosi, ni haki ya mfanyakazi.

Ukikamatwa je?

EMCA inasema anayeshindwa kushughulikia taka hatari inavyotakiwa anaweza kutozwa faini isiyopungua Sh1 milioni, kufungwa jela kwa muda usiopungua miaka 2, au vyote viwili.

Kumbuka neno "isiyopungua". Sh1 milioni ndiyo faini ya chini.

Zaidi ya hapo kuna kanuni kwamba aliyechafua ndiye anayelipa. Mahakama inaweza kuagiza udongo usafishwe na waathiriwa walipwe fidia.

Kilichotokea Owino Uhuru

Ukitaka kujua haya yana uzito gani, tazama mtaa wa mabanda wa Owino Uhuru, Mombasa.

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi ukutani mwa makazi ya watu. Moshi ulitua juu ya paa za mabati, na maji machafu yakapita katikati ya nyumba. Watoto wakaanza kuugua. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mwenyewe ana sumu ya risasi mwilini. Akaacha kazi na kuanza kuwakusanya wenzake wapaze sauti.

Kiwanda kilifungwa 2014, lakini risasi haikuondoka nacho. Ilikuwa tayari kwenye udongo, na kwenye miili ya watu.

Wakazi walikwenda mahakamani. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023. Desemba 2024, Mahakama ya Juu ikairejesha.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: fungu kubwa zaidi la lawama, asilimia 40, halikwenda kwa mwenye kiwanda. Lilikwenda kwa NEMA yenyewe. Wizara za Mazingira na Afya nazo zilibebeshwa sehemu.

Maana yake ni kwamba kutoa leseni si kupiga muhuri tu. Anayeitoa asipokagua, naye anashtakiwa.

Waagizaji nao wamo

Tangu 2022 kuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka. Sheria hii inapanua wajibu wa anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini. Haitoshi tena kuuza betri na kusahau. Lazima achangie mpango wa kuikusanya ikishakufa.

Kwa mteja hii ni nafasi nzuri. Unaponunua betri mpya, muulize muuzaji kama anapokea ya zamani na kama atakupunguzia bei.

Ufanye nini na iliyo nyumbani au dukani?

1. Usimwage asidi. Baadhi ya wanunuzi hutaka betri ikaushwe kwanza. Asidi hiyo imebeba risasi, na ukiimwaga inaingia kwenye udongo na kisima.
2. Iweke wima, chini ya paa, juu ya sakafu ya simiti, mbali na watoto. Ikivuja, iweke ndani ya ndoo ya plastiki imara.
3. Usiipasue, usiyeyushe. Kutengenezea vyuzi vya nyavu au vipuri kwenye moto wa uani ni kuleta kiwanda jikoni.
4. Omba kuona leseni ya anayechukua, hata picha kwenye simu. Angalia kama muda wake haujaisha.
5. Weka rekodi. Tarehe, idadi na jina la aliyechukua. Daftari la shule linatosha. Siku mkaguzi akija, hilo ndilo litakalokusemea.
6. Usichanganye na za lithiamu, kama za simu au pikipiki za umeme. Zikipondwa zinaweza kushika moto.

Na kama kiwanda kiko jirani yako?

Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inaenda mbali zaidi: unaweza kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia.

Yaani huhitaji kungoja mtoto augue ndipo ulalamike. Anza na ofisi ya NEMA ya kaunti yako, peleka malalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Mtu wa mkokoteni si adui hapa. Naye anatafuta riziki, na mara nyingi ndiye anayeshika sumu hiyo kwa mikono mitupu. Lakini betri inayouzwa kwa shilingi chache jioni moja inaweza kuishia mahali kama Owino Uhuru. Kule, wazazi walisubiri miaka mingi kupata uamuzi wa mwisho, na hakuna fidia inayoitoa risasi kwenye mwili wa mtoto.