Ule mfuko wa urea umeishia wapi?

Chukua mfuko mmoja wa urea wa kilo 50. Pale nje umeandikwa 46, maana yake asilimia 46 ya uzito wake ni naitrojeni, yaani kilo 23. Hizo ndizo unazolipia hela. Sasa jiulize: ukishaimwaga yote shambani, kilo ngapi kati ya zile 23 zinaingia kwenye mahindi? Kwa mashamba mengi ya nafaka duniani, jibu ni chini ya nusu. Zilizobaki zinakwenda wapi?

Swali hili mimi lilinifika kupitia kwa mama. Shamba letu liko Mbozi, na kwa miaka mingi mama amelima mahindi pale pale kwa utaratibu ule ule: DAP ya kupandia, urea ya kukuzia. Kila msimu anaongeza kidogo, na kila msimu mavuno yanapungua kidogo. Kwenye simu alikuwa ananiambia, "Mwanangu, huu udongo umeizoea mbolea." Nilikuwa nacheka. Udongo utaizoeaje mbolea, kwani ni mlevi? Likizo iliyopita nilibeba kipimo cha pH, nikachimba udongo sehemu kadhaa, nikachanganya, nikapima. Ikasoma 4.8. Mahindi hupendelea kati ya 5.5 na 7, na kumbuka kipimo hiki hakipandi kama rula: kila namba moja ukishuka, tindikali imeongezeka mara 10. Sikucheka tena.

Turudi kwenye zile kilo 23, tuzifuate.

Ukimwaga urea juu ya udongo wenye unyevunyevu na usiifukie, vimeng'enya vilivyomo udongoni huigeuza haraka kuwa amonia, ambayo ni gesi. Ile harufu kali inayochoma pua siku moja mbili baadaye ni pesa yako inapaa. Kufukia sentimita chache tu kunapunguza sana hasara hii.

Ile isiyopaa hubaki udongoni kama amoniamu. Chembe ya amoniamu ina chaji chanya, na mfinyanzi una chaji hasi, kwa hiyo vinashikana. Hapo mambo ni mazuri. Tatizo ni kwamba udongo una bakteria wanaoishi kwa kuigeuza amoniamu kuwa naitreti, kazi inayochukua wiki chache tu. Naitreti ina chaji hasi kama mfinyanzi wenyewe, kwa hiyo haishikwi na kitu. Ipo tu inaelea kwenye maji ya udongo. Mizizi ikiwahi, vizuri. Mvua kubwa ikiwahi kabla ya mizizi, naitreti inashuka nayo, kwenda kwenye maji ya ardhini na visima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga: mtoto anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji yenye naitreti nyingi anaweza kufika mahali damu yake inashindwa kubeba oksijeni vizuri.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo, kusema kweli, mimi mwenyewe nililipitia darasani bila kulielewa. Wale bakteria wanapogeuza amoniamu kuwa naitreti, wanatoa pia haidrojeni yenye chaji, yaani tindikali. Mmea ukiinywa ile naitreti, mizizi yake hurudisha kitu kinachoituliza sehemu kubwa ya tindikali hiyo. Lakini naitreti ikisombwa na mvua, inaondoka yenyewe na kuiacha tindikali shambani. Umeona hapo? Kilo ile ile iliyokwenda kuharibu kisima cha jirani ndiyo iliyoacha shamba lako limechacha. Watu huzungumza kana kwamba mkulima anafaidi na mazingira yanaumia. Hapa wanaumia wote wawili, kwa naitrojeni ile ile.

Udongo ukishuka chini ya pH 5 hivi, alumini iliyokuwa imetulia ndani ya madini ya mfinyanzi huanza kuyeyuka, nayo ni sumu kwa mizizi. Ncha zinadumaa, mizizi inakuwa mifupi na minene. Mmea wenye mizizi mifupi unakunywa mbolea kidogo, nyingine inasombwa, tindikali inaongezeka, na mwakani mkulima anaongeza mfuko. Mama hakuwa mbali na ukweli aliposema udongo umezoea.

Siyo mbolea zote zina ukali mmoja. Kwa kila kilo ya naitrojeni, SA huacha tindikali takribani mara tatu ya urea. CAN huacha kidogo sana, kwa sababu imechanganywa na chokaa. Na kuna sehemu nyingine ya naitrojeni ambayo, udongo ukijaa maji na kukosa hewa, bakteria huirusha angani kama oksidi ya naitrasi. Ni kidogo kwa uzito, ila kilo moja ya gesi hiyo inapasha dunia joto takribani mara 270 ya kilo moja ya kaboni dayoksaidi, ukihesabu kwa miaka 100.

Fosforasi, ile iliyomo kwenye DAP, ina tabia tofauti kabisa. Kwenye udongo mwekundu wetu, wenye chuma na alumini nyingi, inanata kiasi kwamba hata mmea unaipata kwa tabu. Haishuki na maji. Husafiri na udongo wenyewe, mvua inapokwangua shamba lisilo na makingamaji na kupeleka tope mtoni. Ziwa Victoria limepokea tope hilo kwa miongo mingi kupitia mito kama Kagera na Nzoia. Fosforasi ikifika ziwani inalisha mwani; mwani ukifa unazama, unaoza, na kuoza kunamaliza oksijeni huko chini. Magugu maji, yaliyoonekana ziwani humo kuanzia karibu mwaka 1990, nayo yalikuta meza imeshaandaliwa. Ila tusiibebeshe mbolea ya dukani lawama zote: ziwa hilo linapata fosforasi nyingi pia kutoka maji taka ya miji, mmomonyoko wa mashamba ambayo hayajawahi kuona mfuko wa mbolea, pamoja na vumbi na moshi wa mioto ya nyika vinavyodondoka kutoka hewani. Mkulima wa Afrika kwa wastani anatumia mbolea kidogo kuliko wa Ulaya au China.

Viuatilifu navyo? Urea haikai, hilo ndilo tatizo lake. DDT ni kinyume chake: haiyeyuki kwenye maji, inapenda mafuta, na bakteria wachache wanaiweza. Mfano uko hapa hapa Mkoa wa Pwani, kwenye shamba la Vikuge, Kibaha. Mwaka 1986 zilipelekwa pale tani 170 za viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, vingine vikiwa vimeshapitwa na muda. Vikahifadhiwa vibaya, vikavuja ardhini. Baadaye shehena iliondolewa, lakini watafiti waliporudi kupima udongo miaka kadhaa baada ya usafi huo walikuta DDT na HCH bado kwa viwango vikubwa. Ndiyo maana nilipokuta stoo ya nyumbani chupa ya maji ya kunywa imejazwa dawa ya kupulizia, haina hata lebo, mimi na mama tuligombana kidogo.

Kuhusu shamba, aliniuliza moja kwa moja: "Kwa hiyo niache mbolea?" Hapana, mama. Bila naitrojeni hakuna mahindi. Nilichomwomba ni urea aigawe mara mbili badala ya kuimwaga yote kwa mkupuo, aifukie, na atie chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Asiichanganye chokaa na urea siku moja, maana chokaa inaisukuma amoniamu kugeuka gesi, tutakuwa tumerudi kule kule kwenye harufu.

Amekubali robo ekari tu. Tena amechagua ile ya nyuma, kule bondeni, ili mambo yakiharibika majirani wasijue kwamba ni ushauri wa mwanawe msomi.