Kubadili Rangi za Vikaragosi kwa Matabaka, Pamoja na Mifano Kutoka Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa, ulio kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, hubadili rangi mara kadhaa kwa mwaka. Mvua zinyeshapo, baina ya Novemba na Aprili, nyasi zake huwa za kijani kibichi. Kiangazi kikikolea huwa za manjano yaliyopauka. Na moto upitapo, vilima hubaki vyeusi. Lakini mtu asimamaye Sumbawanga na kuitazama milima ya Mbizi hadhani kwamba ameletewa milima mingine. Mikunjo ni ile ile, na makorongo yaliyo na kivuli ni yale yale. Umbo na kivuli ni jambo moja, na rangi ni jambo la pili. Kazi yote ya kubadili rangi za vikaragosi kwa kompyuta imejengwa juu ya tofauti hiyo, na makala haya yakusudia kueleza jinsi inavyofanyika na maneno ya Kiswahili yafaayo kuielezea.

Kwanza jina lenyewe. Kikaragosi ni picha ndogo ya mtu au mnyama aendaye huku na huko katika mchezo wa kompyuta. Neno hili limekwisha kutumika kwa sanamu ya kuchezeshwa na kwa katuni, na asili yake yaelekea kuwa Karagöz, mchezo wa Kituruki wa sanamu za vivuli. Sanamu za mchezo huo hukatwa katika ngozi nyembamba ipenyezayo nuru, kisha hutiwa rangi, nazo huonekana nyuma ya pazia linalomulikwa. Basi neno hili halikukosea njia lilipofika kwenye kioo cha kompyuta.

Ziko njia mbili kuu za kukibadili rangi kikaragosi, na yafaa zisichanganywe.

Njia ya kwanza ni ya zamani zaidi. Katika mashine za michezo za miaka ya 1980 kumbukumbu ilikuwa haba sana. Kwa hiyo picha haikuhifadhi rangi yenyewe katika kila nukta. Ilihifadhi namba tu, na pembeni palikuwa na orodha fupi ielezayo kila namba ni rangi gani. Katika mashine ya Nintendo iliyochezesha Super Mario Bros. mwaka 1985, kila kikaragosi kilipewa orodha yenye rangi tatu, na nafasi ya nne ikawa ya sehemu tupu isiyoonekana. Luigi, nduguye Mario, alikuwa Mario yule yule aliyebadilishiwa orodha. Katika mchezo huo huo mawingu na vichaka vina umbo moja, ila haya ni meupe na vile ni vya kijani. Hata Mortal Kombat ya mwaka 1992 iliwatoa wapiganaji wawili, Scorpion na Sub-Zero, katika umbo moja, mmoja akavikwa manjano na mwingine buluu.

Mfumaji ataitambua njia hii mara moja. Wafipa walijulikana katika karne ya 19 kwa nguo nzito za pamba, zilizofumwa kwa nyuzi zilizotandwa karibu na ardhi, nyingine zikiwa na mistari ya rangi nyeusi juu ya weupe wa pamba. Ufumaji huo ulipungua sana nguo za viwandani zilipoenea. Katika kazi ya namna hiyo mfumaji huhesabu nyuzi: hizi nyeupe, hizi nyeusi, kisha nyeupe tena. Akitaka nguo ya pili yenye mistari mekundu, hesabu ya mtande na mshindio haibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni uzi unaoshika nafasi ile. Namba ya nukta ni nafasi katika mtande, na orodha ya rangi ni kapu la nyuzi.

Njia ya pili ni ya matabaka, nayo hufanana na kazi ya mtia rangi kuliko ya mfumaji. Hapa nguo imekwisha kufumwa. Programu ya Photoshop ilipewa matabaka katika toleo lake la 3 mwaka 1994, na leo yamo pia katika programu zitolewazo bila malipo, kama GIMP na Krita. Tabaka ni kama karatasi ya kioo iliyolazwa juu ya picha. Mchoraji hukiacha kikaragosi chake cha asili katika tabaka la chini kabisa bila kukigusa. Juu yake huweka tabaka la rangi ya shati, juu ya hilo la rangi ya nywele, na kadhalika. Kila moja hufungiwa ndani ya mipaka ya umbo lililo chini yake ili rangi isimwagike nje. Asipoipenda rangi ya shati, hulifuta tabaka la shati peke yake, na mengine husalia salama.

Lakini rangi iliyolazwa tu juu ya picha huifunika, kama chokaa ifunikavyo ukuta. Mikunjo ya nguo hupotea, na kikaragosi huwa kama kipande cha karatasi. Ndiyo sababu tabaka la juu huamriwa lizidishwe na la chini. Neno kuzidisha hapa ni la hesabu hasa. Kila rangi katika kompyuta huandikwa kwa namba tatu, ya wekundu, ya ukijani na ya ubuluu, kila moja kuanzia 0 mpaka 255. Programu huizidisha namba ya tabaka la juu kwa ile ya chini, kisha hugawanya kwa 255. Tuseme shati limechorwa kwa kijivu cha katikati, yaani 128 katika namba zote tatu, na juu yake pametiwa wekundu wa 200, 30 na 40. Jibu ni 100, 15 na 20: wekundu ule ule, lakini wa kivulini. Palipokuwa peupe kabisa, rangi ya juu hutokea kama ilivyo. Palipokuwa peusi kabisa, hubaki peusi.

Kutokana na hesabu hiyo hufuata sharti ambalo kila mtia rangi nguo analijua pasipo hesabu. Kuzidisha huongeza giza, hakupunguzi. Nguo nyeupe hupokea rangi yoyote. Nguo nyeusi haipokei manjano hata ichovywe mara ngapi. Nywele nyeusi za kikaragosi hazitageuka za manjano kwa kuzidishwa. Sharti kwanza zichujushwe mpaka ziwe kijivu chepesi, ndipo zitiwe rangi mpya.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoonyesha utajiri wake, nao haupo mahali ambapo wengi huutafuta. Kwa majina ya rangi lugha hii ina vivumishi vitatu tu vya asili vyenye kupatana na ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Hali hiyo haishangazi. Brent Berlin na Paul Kay walieleza mwaka 1969 kwamba lugha yenye majina matatu ya msingi kwa kawaida huwa na hayo hayo. Rangi nyingine Kiswahili huziita kwa vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, manjano kwa kiungo cha jikoni, zambarau kwa tunda, kahawia kwa kahawa, damu ya mzee kwa wekundu mzito. Lakini kwa yale yanayoipata rangi, vitenzi vimejaa. Rangi hukolea na hukozwa. Hufifia, hupauka, huchujuka. Programu za kuchorea huipima rangi kwa mambo matatu: ni rangi gani, imekolea kiasi gani, na ina mwanga kiasi gani. La pili ndilo gumu kulifasiri katika lugha nyingi. Kiswahili huliita ukolezi, na mtoto aliyeona kanga mpya ikipoteza rangi yake dobini huelewa bila kufafanuliwa.

Jambo hili lina uzito kupita starehe ya mchezo, na uzito huo huonekana zaidi katika rangi ya ngozi. Vikaragosi vingi vitolewavyo bure kwa wajifunzao vimechorwa na ngozi ya Kizungu. Kijana wa Sumbawanga atakaye kikaragosi chake kifanane na watu wa kwao huchukua tabaka la kahawia, akalizidisha juu ya ngozi ile, naye hushangaa kuona rangi isiyo ya mtu yeyote amjuaye. Hesabu yaeleza sababu. Shavu lenye namba 255, 220 na 190 likizidishwa kwa kahawia ya 140, 90 na 60 hutoa 140, 78 na 45. Wekundu umezidi mno, kwa kuwa uwaridi wa chini umepenya. Shavu hilo likiondolewa ukolezi kwanza, likawa kijivu cha 227 chenye mwanga ule ule, jibu ni 125, 80 na 53, na uwiano wa kahawia aliyoichagua umehifadhiwa. Baada ya hapo huongezwa tabaka jingine la mng'ao juu ya paji la uso na mashavu, maana ngozi nyeusi hurudisha nuru kwa namna yake, na kuzidisha peke yake huuzima mng'ao huo. Mchoraji mwenye kujua maneno maji ya kunde na mweusi ti anajua tayari kwamba hizo si rangi moja iliyotiwa giza zaidi. Ni rangi mbili, na kila moja yataka tabaka lake.

Kuhusu istilahi, basi, si lazima kila neno la kigeni likataliwe. Programu na pikseli yamekwisha kuzoeleka, wala hayamzuii mtu kuelewa. Lakini tabaka ni bora kuliko leya, kwa kuwa laonyesha kitu kilicholazwa juu ya kingine. Na ni bora kuliko safu, ambayo huweza kuwa ya vitu vilivyopangwa ubavu kwa ubavu. Kuzidisha yafaa kwa sababu ndiyo hesabu ifanywayo. Ukolezi na kuchujusha yafaa kwa sababu yameshika kazi ya mtia rangi ndani yake. Kipimo ni kimoja: je, neno lamfundisha mwanafunzi jinsi kazi inavyokwenda, au lampa sauti tu ya kukariri? Yule kijana aliyeharibu ngozi ya kikaragosi chake hakukosa akili wala bidii, alikosa mtu wa kumwambia kwa lugha yake mwenyewe, "Chujusha kwanza, kisha koza."