Baada ya Saratani: Vijana Wanaojifunza Upya Kuuamini Mwili

Wengi hudhani kwamba siku daktari anapotangaza kuwa saratani imeondoka ndiyo siku mateso ya mgonjwa yanapokoma. Kwa kijana sivyo. Wakati wa matibabu alizungukwa na wauguzi, ndugu na waamini waliomwombea. Matibabu yakiisha, kila mmoja hurudi kwenye shughuli zake, naye hubaki na mwili asiouamini tena. Wenzake wa rika wamekwisha kuhitimu, kuajiriwa na kufunga ndoa. Yeye anaanza upya, tena na uchovu unaoweza kudumu miezi au hata miaka.

Huko Marekani, mpiga makafi mashuhuri Brad Ludden, ambaye akiwa bado mtoto alimwona shangazi yake akiugua saratani ya matiti, alianzisha mwaka 2001 shirika la First Descents. Shirika hilo huwachukua vijana waliokumbwa na saratani, bila malipo, na kuwafundisha kuendesha kayaki mitoni, kazi iliyoanzia katika jimbo la Colorado.

Kayaki ni chombo chembamba kilichobuniwa na wawindaji wa nchi za barafu, wakiwemo Wainuiti. Mwendeshaji huketi karibu usawa wa maji, miguu ameinyoosha, mkononi ana kafi lenye bapa kila upande. Hivyo aliyedhoofika miguu, au aliyepata ganzi nyayoni kutokana na dawa, huweza kwenda bega kwa bega na mwenye nguvu. Katika kayaki ya watu wawili, wa mbele huweka mwendo wa makafi, wa nyuma huongoza. Wasiposikilizana, chombo huenda upande.

Safari ikiwa ya kulala porini, kuna mahema ya kusimamisha, kuni za kuokota na chakula cha kupika. Pengine hapa pana tiba kuliko mtoni. Kijana aliyezoea kulishwa, kuogeshwa na kuulizwa kila saa kama anajisikia vizuri, sasa ana wenzake wanaosubiri achemshe maji. Na usiku, kandokando ya moto, husemwa yale ambayo nyumbani hayasemwi kwa kuogopa kumliza mama: hofu ya ugonjwa kurudi, na shaka kama atapata watoto.

Je, mwili uliochoka hautadhurika? Swali ni la haki. Zamani wanawake waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti walionywa wasiitumikishe mikono, isije ikavimba. Mwaka 1996, huko Vancouver nchini Kanada, Daktari Don McKenzie aliwafundisha wanawake 24 wa namna hiyo kupiga makafi katika mashua ndefu za mashindano zenye asili ya Kichina, akiwaongezea kazi kidogo kidogo; hakuna aliyepatwa na uvimbe mpya.

Hata hivyo, ruhusa ya daktari ni ya lazima, kwani zipo dawa za saratani zinazoweza kudhoofisha moyo. Ngozi iliyopigwa mionzi hufunikwa dhidi ya jua, na jaketi la kuelea halivuliwi majini. Mwenye mrija wa dawa unaotokeza nje ya kifua aushughulikie kwanza na daktari wake, maana maji ya mto yakiingia hapo huweza kuleta maambukizi ya damu.