Maumivu ya nyonga kwa vijana: Upasuaji wa mkato mdogo waweza kuokoa kiungo

KIJANA wa miaka 25 anayelalamikia maumivu ya kinena kila atembeapo mwendo mrefu huambiwa upesi kwamba msuli umevutika. Hupewa vidonge vya kutuliza maumivu, akarudi nyumbani. Miezi ikipita, huanza kuchechemea.

Pengine kiini cha maumivu hayo ni kasoro ya tangu utotoni: kikombe cha nyonga kisicho na kina cha kutosha. Kikombe kilicho sawa hukifunika kichwa cha mfupa wa paja jinsi kiganja kinavyofunika mpira. Kina kikipungua, uzani wa mwili hukilemea kiukingo kidogo tu, na gegedu, ule utando laini unaozuia mifupa kusagana, huchakaa mapema. Wanawake huathirika zaidi, hali kadhalika waliotanguliza makalio tumboni mwa mama. (Mtoto kubebwa mgongoni kwa leso, miguu ikiwa imepanuliwa, humsaidia, kumfunga kwa nguo miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa humdhuru.)

Kasoro hiyo hupimwa kwa eksirei, kwa pembe aliyoieleza tabibu Gunnar Wiberg wa Sweden mwaka 1939. Nyuzi 25 na zaidi ni hali ya kawaida. Chini ya 20 ni dalili ya kasoro.

Kumwekea kijana nyonga ya bandia si uamuzi mwepesi, kwani chombo hicho nacho huchakaa na huenda akahitaji kingine baadaye. Ndiposa mwaka 1984, mjini Bern, Uswisi, Reinhold Ganz na wenzake walianza kuukata mfupa unaokizunguka kikombe, wakakigeuza hadi kikifunike kichwa cha paja sawasawa, kisha wakakikaza kwa skrubu. Mgonjwa hubaki na nyonga yake mwenyewe. Ila mkato ulikuwa mrefu, na misuli ilibanduliwa mfupani.

Mjini Aarhus, Denmark, Kjeld Søballe na wenzake walibuni njia nyingine. Ngozi hukatwa sentimita 7 hivi, na msuli hupasuliwa kwa kufuata nyuzi zake, huku daktari akiongozwa na picha za eksirei. Katika upasuaji 94 walioueleza mwaka 2008, kazi ilichukua takriban dakika 73, na damu iliyopotea ilikuwa mililita 250 hivi.

Jina "upasuaji mdogo" lisimhadae mtu. Kilichopungua ni mlango wa kuingilia. Mifupa hukatwa vilevile. Mgonjwa hutembea kwa magongo wiki 6 hadi 8, na wengi hupata ganzi kwenye ngozi ya paja.

Aidha, njia hii haimfai kila mtu. Gegedu ikishasagika, kukigeuza kikombe hakusaidii sana, na hapo hubaki nyonga ya bandia. Kwa hiyo, maumivu ya kinena yasiyokwisha kwa wiki kadhaa yanahitaji picha ya eksirei ya fupanyonga, si vidonge pekee.