Mfundishe Kazi Yaya Wako

Asubuhi unakwenda shambani na kumwachia yaya mtoto. Je, yaya huyo amefundishwa kazi yake? Kulea mtoto ni kazi ya ujuzi kama kazi nyingine.

Kwanza, chagua mtu mwenye umri wa kutosha. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mahali pa mtoto ni shuleni.

Pili, mfundishe usafi. Anawe mikono kwa sabuni baada ya kumtawaza mtoto na kabla ya kumlisha. Maji ya kunywa ayachemshe.

Tatu, mwonyeshe la kufanya mtoto akiharisha. Kuharisha humaliza maji mwilini, na mtoto huweza kufa upesi. Achanganye lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visijae kupita kiasi. Chumvi isizidi. Amnyweshe kidogo kidogo kila anapoharisha. Macho yakididimia, au mtoto akishindwa kunywa, asikungoje. Ampeleke zahanati mara moja.

Nawe timiza wajibu wako. Mlipe mshahara wake kila mwezi, mpe chakula na muda wa kupumzika. Yaya anayeheshimiwa hukaa, na anayekaa huzidi kuijua kazi.

Leo jioni mwambie yaya achanganye maji hayo mbele yako. Akikosea, mrekebishe kabla mtoto hajaugua.