Bunduki Kongwe ya .303
Risasi ya .303 iliingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1888, na huku Kenya bunduki yake ikapita mikononi mwa askari, wawindaji, kisha polisi wa akiba wanaolinda vijiji na malisho katika kaunti kame kama Tana River. Wanaoisifu wana sababu. Komeo lake huvutwa kwa mkono kila baada ya mpigo, ganda la shaba lenye ukingo kitakoni huruka nje, na mpigaji hulazimika kulenga upya. Magazini hubeba risasi 10 tu, kwa hiyo hazimwagwi ovyo.

Wapo watakaosema mwizi wa mifugo mwenye AK-47 hamsubiri mtu avute komeo. Kweli, na baadaye bunduki ya G3 ilikuja. Lakini hoja nzito ni nyingine: uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, hivyo kazi hiyo ya bunduki ilikwisha, na mwaka 2012 jamii za Wapokomo na Waorma zilipouana pande za Garsen, huko Tana River, mapanga, mikuki na mishale ilitosha kuangamiza watu wengi, sembuse bunduki. Komeo lile linaloteleza taratibu ni ufundi safi, nakiri. Ila pale Garsen ningependa kuliona ndani ya kabati la makumbusho.