Lendl: Kocha Mwenye Alikula Vichapo Kwanza

Maze, wasee wakibonga story za makocha wa tenisi, wengi wanahesabuanga vikombe. Mimi nachekianga vichapo. Na hapo ndo Ivan Lendl ananibamba kushinda wote.

Huyu ni msee wa Ostrava, Czechoslovakia ya kitambo, mathe na fathe wote wachezaji. Fainali zake nne za kwanza za Grand Slam alichapwa zote. Paris 1981, Borg. New York 1982 na 1983, Connors mara mbili. Australia 1983, Wilander. Watu wakaanza kumwita mwoga, ati presha ikikam anajitoa.

Halafu ikafika Paris 1984. McEnroe mwaka huo hajachapwa na mtu yeyote, na kwa fainali tayari anaongoza seti mbili kwa nunge. Lendl akarudi mdogo mdogo: 3-6, 2-6, 6-4, 7-5, 7-5. Kuanzia hapo ikawa ni kutesa tu. Grand Slam 8. Wiki 270 akiwa namba moja duniani. US Open aliingia fainali miaka 8 mfululizo, jo! Wimbledon pekee ndo ilimkataa. Alipoteza fainali 1986 na 1987, na 1990 akasare French Open mzima ndo ajipange na nyasi, bado akatolewa semi.

Sasa cheki Andy Murray, boyz wa Scotland. Mwisho wa 2011 anamchukua Lendl akiwa amepoteza fainali tatu za Grand Slam bila kupata hata seti moja. Wimbledon 2012 Federer akamchapa, ikawa ya nne, na Murray akalia kwa maiki dunia yote ikicheki. Fainali nne, vichapo vinne, sawasawa na kocha wake. Kuna makocha wangapi wangejua hiyo uchungu ikoje, na dawa yake ni gani?

Wiki nne tu zikapita. Uwanja ni ule ule, Federer ni yule yule, safari hii ni Olimpiki: Murray 6-2, 6-1, 6-4. Septemba akamwangusha Djokovic New York kwa seti tano, karibu masaa tano ya kuumizana. Halafu 7 Julai 2013 akabeba Wimbledon. Waingereza walikuwa wamengoja bingwa wa kiume tangu Fred Perry, 1936. Miaka 77! Umati umepagawa, na Lendl huko juu sura imekauka vile vile.

Waliachana 2014, wakashikana tena 2016. Wimbledon ya pili, dhahabu ya Rio, namba moja duniani, zote mwaka huo mmoja.

Kikombe cha Wimbledon Lendl mwenyewe hajawahi kukibeba, lakini mtu wake alikibeba mara mbili. Kwa hivyo ka unasaka kocha pale mtaani, usimuulize tu ameshinda nini. Muulize nani alimchapa, alichapwa aje, na kesho yake alirudi kufanya zoezi gani.